Swali la Sitini na Tano

Muuguzi mmoja wa wodi ya mifupa, ambaye wenzake walimpachika jina la Daftari kwa sababu hakuna alichokiona bila kukiandika, alirudi kutoka semina Jumatatu asubuhi akiwa mtu mwingine kabisa. Semina ilikuwa ya siku tatu, na ilihusu namna ya kuwahudumia wagonjwa wa mila na tamaduni mbalimbali. Wengine waliowahi kwenda semina walirudi na kalamu na mkoba wa nailoni. Yeye alirudi na cheti, fomu ya maswali sitini na nne, na mori umempanda hadi kichwani.

"Jamani, tumekuwa tukiwahudumia watu kama mizigo," aliwatangazia wenzake kwenye chumba cha dawa. "Kila mgonjwa amekuja na mila zake, na sisi hatuna habari."

"Kwa hiyo sasa tutawauliza?" akasema Mama Ndoo, mfagiaji wa wodi, aliyekuwa mlangoni akikamua tambara la deki.

"Thubutu! Mkufunzi amesema ukimuuliza mtu ana kwa ana juu ya mila yake unamdhalilisha. Tunatazama, tunaandika."

"Haya, nyinyi tazameni. Mimi acha nipige deki."

Kabla hatujamcheka Daftari, na kumcheka tutamcheka, ni haki aelezwe vizuri. Alikuwa na miaka kumi na mmoja kwenye kazi hiyo. Sindano yake haikuumiza, na wagonjwa walimwulizia hata siku zake za mapumziko. Tatizo lake lilikuwa moja tu: akiamini jambo, analiamini mpaka mwisho.

Tena alifanya kazi kwenye wodi yenye mambo yake. Matroni, mkuu wa wodi, alikuwa mama mnene wa mwili na mwembamba wa subira. Miezi sita nyuma, mkurugenzi alipita ghafla akamkuta muuguzi mmoja amejiachia kitini, mdomo wazi, anakoroma. Matroni aliaibika hadi masikio yakamwaka. Siku hiyohiyo alikusanya viti vyote vya wodi, hata vya wageni, akavifungia stoo, na ufunguo akautia kwenye shada la funguo alilolining'iniza kiunoni. "Nesi hakai," akasema, na ikawa sheria. Juu ya kila kitanda akabandika karatasi: NI MARUFUKU KUKAA KITANDANI. Baada ya wiki chache watu wote walizoea, isipokuwa miguu yao.

Jumatatu hiyohiyo mchana aliletwa Bibi. Alikuwa ameteleza nyumbani kwake akavunjika nyonga, na sasa alikuwa anatoka kupasuliwa. Alilazwa chumba namba nane, mwisho wa ukumbi, chumba kidogo cha kitanda kimoja chenye kizingiti kirefu mlangoni. Alikuwa amesindikizwa na binti yake na mkwewe, watu wapole waliotoka mbali, ambao walijibanza ukutani wakitazama kila kitu kwa adabu kubwa. Hawakuwahi kuingia hospitali kubwa namna ile, na hawakutaka kuaibika.

Sasa tazama walichokiona. Aliyeingia wa kwanza ni Daftari, akivuta toroli ya kufungia vidonda. Gurudumu la mbele la toroli ile lilikuwa limekufa tangu mwaka juzi, na njia pekee ya kuivusha kizingiti ni kuivuta huku umetanguliza mgongo. Akaingia kinyumenyume. Nyuma yake akaja Mama Ndoo anapiga deki, na mpiga deki yeyote anarudi nyuma ili asikanyage kazi yake mwenyewe. Naye akaingia kinyumenyume. Mwishowe akaja daktari, bado anagombana na mtu wa ukumbini aliyepoteza picha za eksirei, uso kule, mgongo huku. Binti na mkwe wakatazamana, wakaitikiana kwa kichwa taratibu, na hakuna mtu wa hospitali aliyeona lolote la ajabu.

Jumanne saa sita chakula kilikuja. Daftari alimwekea Bibi sahani ya wali na mchuzi, akamwinulia kitanda, akamfuta mikono.

"Karibu, mwanangu," Bibi akasema. Alikuwa na sauti ndogo na macho makubwa yenye uchangamfu. "Kaa."

"Asante, Bibi. Wewe kula tu."

"Aah, hakuna haraka. Wewe kwanza, maliza shughuli zako."

Daftari akacheka, akaenda kumaliza shughuli zake, ambazo hazijawahi kuisha tangu hospitali ijengwe. Aliporudi alikuta sahani haijaguswa. Kijiko kilikuwa kimelala palepale alipokilaza. Jioni ikawa vilevile: karibu, kaa, asante, kula tu, na sahani ikarudi jikoni nzima. Maji Bibi alikunywa, dawa alimeza, lakini chakula hapana.

Katikati ya milo hiyo miwili, saa kumi, muda wa kutazama wagonjwa, ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Daftari alikuwa chumba namba nane anapima presha, mara mlango ukafunguka. Ukaingia mgongo. Ulikuwa mgongo wa binti. Ukafuata mgongo mpana wa mkwe, aliyeinua kisigino juu ya kizingiti kwa uangalifu mkubwa, akapapasa sakafu kwa ncha ya kiatu, akaingia. Walipofika kando ya kitanda wakageuka kwa pamoja, wakamsalimia mama yao kana kwamba hakuna kilichotokea.

Moyo wa Daftari ulimpiga kwa furaha. Mila! Mila hai, mbele ya macho yake, wala hana siku mbili toka semina! Alitoka mbio akafungua fomu, akatafuta swali la kumi na saba, "Namna ya kuingia alipo mgonjwa," akaandika harakaharaka: *Familia hii huingia kinyumenyume. Ni heshima kubwa.* Kisha akaandika tangazo kwa kalamu nene akalibandika mlangoni: WATUMISHI WOTE, CHUMBA HIKI TUNAINGIA KINYUMENYUME.

Mkwe alipotoka alilisoma lile tangazo mara mbili. "Unaona?" akamnong'oneza mkewe. "Nilikwambia mimi. Tungeingia kihuni tungeonekana watu wa ajabu."

Kuanzia hapo chumba namba nane kikawa cha kuingiwa kwa mgongo tu. Anayeleta chakula aliingia kwa mgongo akamwaga mchuzi. Mtu wa maabara aliingia kwa mgongo akamkanyaga mkwe mguu. Matroni alilalamika kwamba shingo inamuuma, lakini mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyeagiza mafunzo ya semina yafuatwe, basi akawa anaingia kinyumenyume huku ananung'unika. Bibi alikuwa akiwatazama wote hao kwa upole. Hakuwahi kucheka hata mara moja, ingawa mdomo ulimcheza.

Ila hakula.

Jumatano asubuhi daktari alisoma faili, akalifunga. "Damu imeshuka," akamwambia Daftari ukumbini. "Kidonda hakiwezi kufunga kwa maji na dripu. Kama kesho saa saba mchana hajala sahani nzima, tunampitishia mrija puani. Sipendi, lakini sitamwacha afe na njaa wodini kwangu."

Mlango ulikuwa wazi. Daftari alipoingia, kinyumenyume kama kawaida, alimkuta Bibi ameshika shuka kwa mikono miwili mpaka kidevuni.

"Mwanangu, huo mrija, unaingia wote?"

"Hautaingia, Bibi. Nakuahidi." Na ahadi ile ilimtoka kabla hajajua ataitimiza vipi. Alimpenda Bibi yule, na aliogopa. "Lakini mbona huli?"

Swali lenyewe lilimponyoka, na mara akakumbuka mkufunzi, akajiziba mdomo.

"Nitakula tu," Bibi akasema kwa upole. "Msihangaike. Najua mna kazi nyingi."

Binti naye alikuwa amejaribu. Alimletea mama yake chakula cha nyumbani kwenye chombo chenye kifuniko, na Bibi alikisukuma pembeni kana kwamba kimemtukana. "Nile chakula changu ndani ya nyumba ya watu? Mimi nimelelewa," alisema.

"Anasema nini hasa akikataa?" Daftari alimuuliza binti ukumbini. Binti hakuwa mgonjwa, kwa hiyo alijiruhusu.

"Anasema anangoja, sista."

"Anangoja nini?"

"Hataki kusema. Anasema watu wa hapa wana mambo yao, tusiwaharakishe."

Anangoja! Daftari aliandika neno hilo akalizungushia duara, na siku nzima ikamwishia kwenye duara hilo. Pengine anangoja upande fulani wa dunia: kitanda kikageuzwa kikatazama dirisha, dripu ikang'oka, ikarudishwa. Pengine anangoja chombo cha aina fulani: sahani ya bati ikawa sahani ya plastiki, kisha bakuli. Pengine anangoja ukimya: wodi nzima ikaambiwa inyamaze dakika kumi, mpaka mgonjwa wa kitanda cha tatu akapiga chafya na kuomba radhi. Pengine anangoja ahudumiwe na mtu mzima kuliko wote: akatafutwa mlinzi wa getini, mzee aliyebakiza mwezi mmoja astaafu, akapewa sahani, akaelekezwa namna ya kuingia. Mlinzi alijikwaa kizingitini, na mchuzi wote ukaishia kwenye kofia yake.

"Pole, mwenzangu," Bibi alimwambia. "Karibu. Kaa upumzike."

"Asante, niko kazini," mlinzi akasema, akatoka akilamba kidole.

Jioni ile Daftari alifika nyumbani miguu imemvimba. Mume wake alikuwa fundi cherehani, mtu anayeshinda amekaa kama yeye anavyoshinda amesimama, na alikuwa ameshaandaa meza. Sahani mbili zilikuwa zinafuka moshi. Daftari alichukua yake akaegemea kabati la vyombo, akaanza kula amesimama, kama afanyavyo siku zote.

"Kaa basi ule," mume akasema.

"Nikikaa sinyanyuki tena. Yaani leo nimechoka, na bibi wa watu anaingiziwa mrija kesho." Akamweleza yote, kuanzia mgongo wa kwanza mpaka kofia ya mlinzi.

Mume alisikiliza mikono yake ikiwa mezani. "Mmemuuliza yeye mwenyewe, mkatulia mkasikia jibu?"

"Hatuulizi. Ni kudhalilisha mtu."

"Mimi mteja wangu akisimama kwenye kioo amenuna, namuuliza gauni linambana wapi."

"Mila si gauni," Daftari akasema, akasafisha sahani yake, akaenda kulala. Mume akabaki mezani na chakula chake kilichopoa.

Alhamisi saa sita na nusu, chumba namba nane kilijaa. Daktari alikuwa amesimama na sinia dogo, na juu ya sinia, umekunjwa vizuri, mrija. Binti aliruhusiwa kuingia japo si muda wa wageni, naye alisimama upande wa miguu ya kitanda akilia kimyakimya. Mkwe alimshika bega. Mama Ndoo alikuwa mlangoni kwa ndani, anasafisha mchuzi wa jana uliokuwa umegandia kwenye kizingiti, ndoo yake ya maji ya sabuni ameiweka karibu. Daftari alisimama ukutani, fomu mkononi.

Sahani ilikuwa mbele ya Bibi. Mikono yake ilikuwa imekonda kwa siku tatu tu, na macho yake yalikuwa kwenye ule mrija. Akageuza macho akawatazama watu wote watano, mmoja mmoja.

"Karibuni," akasema kwa sauti iliyokaribia kuwa ya kuomba. "Kaeni, jamani."

"Asante, Bibi," wakajibu wote kwa pamoja, wakasimama vizuri zaidi.

Daktari akatazama saa. "Dakika ishirini. Aitwe Matroni ashuhudie."

Hakuhitaji kuitwa. Funguo zake zilisikika kutoka mbali, zikaja zikilia ukumbini, na mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Ukaingia mgongo wa Matroni.

"Haya, mambo gani hayo yasiyoisha," mgongo ukasema, "mimi nina ripoti ya..."

Kisigino kilivuka kizingiti salama. Kisigino cha pili kilikanyaga sabuni. Mama Ndoo alipiga kelele, lakini alichelewa. Matroni alipepesuka hatua moja, akatafuta cha kushika, akashika hewa, kisha akaenda chini na uzito wake wote, na akakaa. Alikaa kwenye ndoo. Hakukaa juu yake, alikaa ndani yake, maji yakaruka mpaka kwenye suruali ya daktari, na ndoo ikamshika kiuno barabara.

Daktari akainua sinia juu lisilowe.

Na Bibi akatabasamu, akasema, "Haya, sasa," akachukua kijiko, akala.

Alikula kwa adabu, vijiko vitatu vya haraka, vya mtu mwenye njaa ya siku tatu. Binti akaziba mdomo. Daktari akasahau saa.

"Msinitolee macho, nitoeni humu!" Matroni akafoka. Mkwe na Mama Ndoo wakamshika kwapa, wakamvuta juu, yeye na ndoo yake.

Bibi akaweka kijiko chini.

Daftari aliona. Miaka kumi na mmoja ya kutazama wagonjwa ikamsaidia kuona. "Mrudisheni," akasema.

"Nini?" Matroni akauliza.

"Mrudisheni chini! Haraka!"

Wakamwachia. Ndoo ikagonga sakafu, na Bibi akachukua kijiko. Wakamwinua tena kidogo, kwa kujaribu tu, na kijiko kikasimama hewani. Wakamshusha, kijiko kikaingia mdomoni.

"Wewe Daftari," Matroni akasema polepole, maji ya sabuni yakimchuruzika, "unanichezea?"

"Matroni, kwa hisani yako, usinyanyuke. Anangoja ukae! Siku zote alikuwa anangoja mtu akae!"

"Basi nanyi kaeni," Bibi akasema mdomo umejaa wali. "Mwenye nyumba ameshakaa. Mnasimama mnanitia aibu."

Wakakaa sakafuni, wote. Daktari alikaa na sinia lake mapajani, binti akakaa huku anacheka na kulia, mkwe akakaa, Mama Ndoo akakaa kwenye sehemu aliyokuwa ameshaikausha. Walimtazama bibi wa watu akimaliza sahani, akiufuta mchuzi kwa ukoko wa mwisho, na Matroni katikati yao kwenye ndoo yake akipumua kwa hasira. Sahani ilipoisha ilikuwa saa saba kasoro dakika nne.

"Kwetu," Bibi akaeleza, baada ya Matroni kuchomolewa kwa nguvu za watu watatu na sabuni zaidi, "mgeni hapeleki mkono kwenye sahani mpaka mtu wa nyumba akae. Akisimama, maana yake bado ana shughuli, au hajafurahia ugeni wako. Nikamwona huyu mtoto, kutwa kiguu na njia. Nikasema nimngoje amalize. Hamalizi!"

"Mama!" binti akasema. "Sijawahi kusikia hiyo!"

"Utaisikia wapi? Nyumbani kila mtu anakaa."

"Siku tatu, Bibi," daktari akasema. "Nilitaka kukutia mrija. Si ungesema?"

"Niamrishe watu kukaa ndani ya nyumba yao? Nilikaribisha. Kila sahani nilikaribisha."

Daftari akafungua fomu. Swali la arobaini liliuliza: "Misemo anayoipenda mgonjwa." Chini yake, kwa mwandiko wake mwenyewe mzuri, alikuwa ameandika *Karibu, kaa* mara sita, kila moja na saa yake. Aliona haya mpaka machozi yakamtoka. Mtu alikuwa amemwomba kitu kimoja, waziwazi, kila mlo, na yeye alikuwa amekiandika tu.

Matroni alikuwa mlangoni, sketi imemganda. Watu walingoja ngurumo. Yeye akautazama mrija kwenye sinia, akamtazama Bibi, akachomoa ufunguo mmoja kwenye shada akamrushia Mama Ndoo.

"Stoo," akasema. "Vyote. Na hiyo ndoo atakayeicheka ataipeleka nyumbani kwake."

Bibi alikaa wodini siku tisa zaidi. Alikula kila sahani, maana kila mlo muuguzi mmoja alivuta kiti akakaa naye dakika tano, na ikaonekana kwamba mtu akikaa dakika tano na mgonjwa anajifunza mambo ambayo fomu haina. Ilijulikana kwamba mgonjwa wa kitanda cha tatu alikuwa anaogopa taa ya ukumbini. Ilijulikana kwamba wa kitanda cha tano hakuwa kiziwi, alikuwa amechoka kuongeleshwa kwa sauti kubwa tu.

Siku ya kuruhusiwa, Bibi akiwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu na kanga zake zimekunjwa mapajani, Daftari alivuta kiti mbele yake. Mkononi alikuwa na ile fomu, na chini kabisa alikuwa ameongeza mstari mmoja kwa kalamu.

"Bibi, kuna swali la sitini na tano. Nimelitunga mimi. Na sisi je? Watu wa hapa, mila zetu umezionaje?"

Bibi akamtazama kwa makini kuona kama anataniwa. Alipoona si utani, akafikiri.

"Mna roho nzuri," akasema. "Lakini mna mambo. Mnamwamsha mtu usingizini kumpa dawa ya usingizi. Mnaandika kila kitu halafu mnamuuliza mtu yaleyale. Na hilo la kuingia kinyumenyume, mwanangu, mimi nilikaa nikalifikiria usiku na mchana. Nikasema, hawa lazima kuna kitu kikubwa wanakiheshimu."

Daftari alihisi masikio yanapata moto. "Bibi, si mila yenu hiyo?"

"Yetu?" Bibi akamgeukia binti, binti akamgeukia mumewe.

"Sisi tuliwaiga nyinyi," mkwe akasema. "Siku ya kwanza wewe uliingia hivyo, na yule mama, na daktari. Tena mkabandika na tangazo."

Daftari akageuza kichwa taratibu. Kwenye kona, toroli ya vidonda ilikuwa imesimama na gurudumu lake lililokufa.

"Na mkakubali tu!" akasema. "Siku zote hizo, hamkuuliza?"

"Mila ya mtu haiulizwi," Bibi akasema kwa heshima zote. "Unamtazama, unafuata. Ukimuuliza unamdhalilisha."

Daftari alicheka mpaka akashika mbavu, na Bibi, ambaye alikuwa amejizuia tangu Jumanne ya kwanza, akacheka mpaka kiti cha magurudumu kikasogea chenyewe. Matroni alikuja kuona kuna nini. Alikuja kwa mgongo, kwa mazoea, na hapo wakacheka upya.

Jioni ile Daftari alifika nyumbani mapema kidogo. Meza ilikuwa imeandaliwa, sahani mbili zinafuka moshi, mume ameketi mbele ya yake. Daftari akachukua sahani yake, akaelekea kwenye kabati la vyombo kama kawaida, akaegemea. Kisha akaacha kutafuna.

Chakula cha mume kilikuwa hakijaguswa. Kijiko kilikuwa kimelala palepale kilipolazwa. Akajaribu kukumbuka ni lini alimwona akianza kula, na hakuweza, kwa sababu siku zote yeye akimaliza huondoka.

Akavuta kiti. Akakaa.

Mume akachukua kijiko, akala.

"Wewe!" Daftari akasema. "Ulikuwa unaningoja?"

"Mwaka wa tisa huu," fundi cherehani akasema, akijipakulia mchuzi. "Nilidhani ndiyo mila yenu."